Urithi wa Yahwe na Hukumu ya Miungu: Uhakiki wa Vitabu Viwili vya Mark S. Smith

Kila anayefundisha Amri Kumi hukutana na swali lile lile, na aghalabu huulizwa na mwanafunzi asiyesema sana. Ikiwa hakuna mungu mwingine, amri ya kwanza inakataza nini? Amri hiyo haisemi kwamba miungu mingine haipo. Inasema kwamba Israeli asiwe nayo mbele za Yahwe. Tena inafuatwa na maneno juu ya Mungu mwenye wivu, na hakuna mume amwoneaye wivu mtu ambaye hakuzaliwa. Majibu tuliyozoea kutoa ni mawili: ama tunakimbilia kwa Paulo, aliyewaandikia Wakorintho kwamba sanamu si kitu, ama tunasema kwamba Musa alinena kwa kadiri ya ujinga wa watu wake. Yote mawili yametoka nje ya andiko lenyewe, na yule mwanafunzi hurudi kwenye kiti chake bila kuridhika.

Mark S. Smith ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kutafuta jibu ndani ya maandiko na ndani ya udongo wa Kanaani. Vitabu vyake viwili, The Early History of God, kilichotoka mwaka 1990 na kupata toleo la pili mwaka 2002, na The Origins of Biblical Monotheism cha mwaka 2001, vimekuwa rejeo la lazima kwa yeyote anayeandika juu ya asili ya imani ya Mungu mmoja katika Israeli. Wanafunzi wetu huvisoma kwa vipande, wengine kwa hofu, wengine kwa kushangilia kupita kiasi. Nimevisoma upya, na hapa nakusudia kuonyesha mahali ambapo Smith ametufundisha jambo la kudumu, na mahali ambapo, kwa maoni yangu, maelezo yake yanakwama. Hapo yanapokwama si mahali padogo, maana hatimaye twaulizwa kama Mungu mmoja ni kivuli tu cha mfalme mmoja.

Kabla ya Smith mjadala huu ulikuwa na kambi mbili. Julius Wellhausen, katika karne ya 19, aliona dini ya Israeli ikikua hatua kwa hatua, kutoka ibada za kienyeji hadi kwa manabii ambao ndio walioleta imani ya Mungu mmoja yenye maadili. Dhidi yake walisimama W. F. Albright huko Marekani na Yehezkel Kaufmann huko Yerusalemu, ambao kila mmoja kwa njia yake alishikilia kwamba imani hiyo ilikuwako tangu Musa, na kwamba ibada ya Baali ilikuwa uchafu ulioingia kutoka kwa majirani. Kambi zote mbili zilikubaliana katika jambo moja: kwamba Israeli ni Israeli na Kanaani ni Kanaani, na mpaka kati yao waonekana. Smith ameufuta mpaka huo, na katika hili nadhani yuko sahihi.

Chombo chake kikuu ni maandiko ya Ugariti. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa Ras Shamra, kwenye pwani ya Siria, aligonga kaburi la kale kwa plau yake. Mwaka uliofuata Claude Schaeffer akaanza kuchimba, na mabamba ya udongo yaliyopatikana yakatupa kwa mara ya kwanza sauti ya Wakanaani wenyewe, au tuseme ya jamaa zao wa karibu wa kaskazini. Humo yumo Eli, mungu mzee mwenye mvi na hekima, mpole, baba wa miungu, akaaye hemani. Yumo Athirati mkewe, mama wa wana sabini. Yumo Baali, mpanda mawingu, apiganaye na Bahari na kushinda. Msomaji wa Biblia hawezi kuwasoma hawa bila kushtuka, kwa kuwa karibu kila sifa yao ameisikia kanisani. Mzee wa Siku wa Danieli 7 ana nywele za Eli. Zaburi 29, ambayo sauti ya Yahwe inaivunja mierezi ya Lebanoni, ina ngurumo za Baali.

Kitabu cha kwanza cha Smith kinaeleza mambo hayo kwa mienendo miwili. Wa kwanza ni wa kukusanya: sifa za miungu mbalimbali zilimwendea Yahwe, naye akawa Eli pasipo ugomvi wowote. Katika Agano la Kale lote hakuna nabii hata mmoja anayempinga Eli. Jina lenyewe la Israeli, lililochongwa kwenye jiwe la Farao Merneptah yapata mwaka 1208 K.K., lina Eli ndani yake wala halina Yahwe. Na Kutoka 6:3 yakiri wazi kwamba mababa walimjua Mungu kwa jina la El Shadai. Mwenendo wa pili ni wa kutenga: mambo ambayo Israeli ya kale iliyaona ya kawaida baadaye yalikataliwa kuwa ya kigeni. Mfano mzuri ni majina ya watu. Sauli alimwita mwanawe Eshbaali, na mmoja wa wana wa Daudi aliitwa Beeliada, kama Mambo ya Nyakati ya Kwanza inavyohifadhi. Katika vitabu vya Samweli majina hayo yamebadilishwa: wa kwanza amekuwa Ishboshethi, yaani mtu wa aibu, na wa pili Eliada. Daudi hakuwa mwabudu sanamu. Neno baali lilikuwa na maana ya bwana au mume, na katika siku zake liliweza kutumika kwa Yahwe bila mtu kukunja uso. Hosea ndiye anayetangaza kwamba siku yaja ambapo Israeli hatamwita Mungu wake hivyo tena.

Katika suala la Ashera sina hakika kwamba Smith ametenda haki. Mwaka 1975 na 1976 Ze'ev Meshel alichimba huko Kuntillet Ajrud, kaskazini-mashariki mwa Sinai, na kupata mitungi yenye maandishi ya yapata mwaka 800 K.K. yanayomtaja Yahwe wa Samaria, na Yahwe wa Temani, pamoja na ashera yake. Wengi walipiga mbiu kwamba mke wa Mungu amepatikana. Smith anakataa. Kwa sarufi ya Kiebrania jina la mtu au la mungu halichukui kiambishi cha umilikaji, kwa hiyo ashera yake ni kitu, nguzo au mti wa ibada, si mungu wa kike. Hoja ya sarufi ni nzuri, na tahadhari yake ni dawa kwa wapenda makubwa. Lakini anakwenda mbali anaposhikilia kwamba katika nyakati za wafalme mungu huyo wa kike alikuwa amekwisha kusahauliwa, na nguzo yake imebaki peke yake. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 23, chasimulia kwamba ndani ya hekalu la Yerusalemu, mpaka siku za Yosia, wanawake walikuwa wakifuma kwa ajili ya Ashera, na vilikuwako vyombo vilivyofanywa kwa ajili ya Baali na Ashera na jeshi lote la mbinguni. Wanawake wale walijua wanamfumia nani. Saul Olyan mwaka 1988 na Judith Hadley mwaka 2000 walilipima jambo hili kwa mizani iliyo sawa zaidi.

Kitabu cha pili ndicho chenye uzito, na ndicho kinachostahili kusumbuliwa. Hapa Smith anauliza sababu. Ulimwengu wa miungu huko Ugariti, asema, ulikuwa nyumba: baba na mama, watoto wao, kisha mafundi na watumishi. Mataifa yalikuwa urithi uliogawiwa wana wa nyumba hiyo. Ushahidi wake mkuu katika Biblia ni Kumbukumbu la Torati 32:8-9. Maandishi ya Kiebrania ya Wamasora, na tafsiri yetu ya Union Version inayoyafuata, yasema kwamba Aliye Juu aliweka mipaka ya mataifa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Lakini kipande kilichopatikana katika pango la 4 la Qumran chasoma wana wa Mungu, na Septuaginta inakubaliana nacho kwa kusema malaika wa Mungu, au wana wa Mungu katika nakala nyingine. Usomaji huo wa zamani ndio wenye maana, kwa kuwa mataifa yalipogawanywa Israeli hakuwa na wana wa kuhesabiwa. Kila taifa lilipewa mmoja wa wana wa Mungu, naye Yahwe akapata Yakobo kuwa fungu lake. Smith aona hapa wazo la kale kwamba Yahwe ni mmoja wa wana wa Eli. Wengine wanasema kwamba Aliye Juu na Yahwe ni mmoja, aliyegawa mataifa na kujiwekea fungu moja mwenyewe. Andiko laruhusu yote mawili, na sitalishurutisha.

Kwa vyovyote, wazo kwamba kila mungu ana nchi yake limejaa katika Agano la Kale. Yeftha anamwambia mfalme wa Amoni akae katika alichopewa na Kemoshi. Daudi alalamika kwamba kumfukuza katika urithi wa Yahwe ni kumwambia akaitumikie miungu mingine. Naamani Mshami, alipoponywa, aliomba udongo wa mzigo wa nyumbu wawili ili apate kumwabudu Yahwe akiwa kwao. Tunalihubiri andiko hilo kila mara kwa ajili ya maji ya Yordani, na udongo tunauacha.

Basi nyumba hiyo ya miungu ilibomokaje? Smith ataja mambo mawili. Kwanza, kati ya karne ya 8 na ya 6 K.K. ukoo wa Yuda ulidhoofika. Ardhi ya mababa ilinyakuliwa, watu walihamishwa, na mtu mmoja akaanza kuhesabiwa peke yake, kama Yeremia na Ezekieli wanavyosema juu ya baba waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto yaliyotiwa ganzi. Jamii isiyofikiri tena kwa ukoo haiwezi kufikiri mbinguni kwa ukoo. Pili, Ashuru na baadaye Babeli ziliufanya ulimwengu kuwa dola moja. Wakati mataifa yalipolingana, miungu yao iliweza kulingana. Mfalme mmoja alipoyatawala yote, Israeli ilibidi ama ikiri kwamba Marduki ameshinda, ama iseme kwamba Yahwe ndiye aliyekuwa akiitumia Babeli. Ilisema la pili. Kwa uadilifu Smith aongeza kwamba usemi huo ulikuwa wa wanyonge, na kwamba maneno ya Isaya wa Pili juu ya kutokuwapo mungu mwingine ni lugha ya kuwashawishi Waisraeli wenyewe.

Sisi ambao makanisa yetu yalipandwa Kilimanjaro na Nyanda za Juu za Kusini katika miaka ya 1890, chini ya bendera ya Kaiser, tunaujua uzito wa hoja hiyo. Wapo wasemao kwamba Mungu mmoja alikuja na serikali moja, na kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu Babeli. Ikiwa dola ndiyo iliyozaa imani hiyo, hata kama iliizaa kwa njia ya kupingwa, jibu letu kwao ni dhaifu.

Hoja yangu dhidi ya Smith ni nyepesi, nayo inaitwa Moabu. Jiwe la Mesha, lililopatikana Dhibani mwaka 1868, liliandikwa katika karne ya 9 K.K. Mfalme Mesha asema kwamba Omri wa Israeli aliionea Moabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akarudi, akamwamuru Mesha autwae mji wa Nebo, naye akawaua wote waliokuwamo kwa kuwawekea wakfu, na vyombo vya Yahwe akavikokota mbele za Kemoshi. Mtu akibadili majina, asingejua kama anasoma Yoshua au Wafalme. Kwa hiyo si kweli, kama wengi wetu tulivyofundishwa, kwamba Yahwe peke yake ndiye aliyewapiga watu wake kwa mkono wa adui. Kemoshi naye aliwapiga wake. Baadaye Moabu ilimlipa Ashuru kodi kama Yuda ilivyomlipa. Amoni na Edomu vivyo hivyo. Koo zao zilidhoofika, nchi zao zikamezwa na dola. Sababu zote mbili za Smith zilikuwako kwao, na Kemoshi alikufa pamoja na watu wake. Maelezo yanayotosha kwa Yuda na kwa Moabu sawasawa hayajaeleza kilichotokea Yuda.

Mtu aweza kusema kwamba tofauti ni uhamisho. Lakini Samaria ilihamishwa mwaka 722 K.K., wala hatusikii kwamba wahamishwa wake waliimba Mungu mmoja huko Ashuru. Tena iko Elefantine, kisiwa cha Nili kusini mwa Misri, ambako katika karne ya 5 K.K. waliishi askari Wayahudi wa mfalme wa Uajemi. Hao walikuwa mbali na nchi ya mababa na chini ya dola moja kubwa, na walikuwa na hekalu la Yahu, ambalo liliharibiwa mwaka 410; barua yao ya mwaka 407 ya kuomba ruhusa ya kulijenga tena tunayo hadi leo. Hali zote za Smith zimetimia kwao. Na orodha yao ya michango ya fedha inagawa mapato kati ya Yahu, Eshem-Betheli na Anati-Betheli, bila kuona haya. Katika mafunjo yao imepatikana hekima ya Ahikari na tangazo la Dario. Kitabu cha nabii hakikupatikana.

Nadhani hapo ndipo pa kuchimba. Amosi alinena katika siku za Yeroboamu wa Pili, katikati ya karne ya 8 K.K., Israeli ilipokuwa na nguvu na Ashuru bado iko mbali. Katika sura ya 2 anatangaza hukumu ya Yahwe juu ya Moabu. Kosa la Moabu ni nini? Si kwamba iliionea Israeli. Iliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Moabu ni fungu la Kemoshi, Edomu si Israeli, na aliyetendewa ni maiti ya adui. Wako wasemao kwamba Amosi anahukumu mataifa kwa sababu yaliwahi kuwa chini ya Daudi na yakaasi, yaani kwamba ni hukumu ya bwana juu ya watumwa wake watoro. Wakieleza hivyo juu ya Dameski na Gileadi, sawa; mifupa hii hawaiwezi. Hapa Yahwe anaingia katika urithi wa mungu mwingine bila kubisha hodi, na sababu ya kuingia ni haki ya marehemu. Amosi hasemi kwamba Kemoshi hayupo, hata hamtaji. Lakini ameivunja mipaka ya Kumbukumbu 32 kabla ya dola na kabla ya uhamisho. Na katika sura ya 9 anaivunja tena, asemapo kwamba Yahwe ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri, kama alivyoitoa Israeli Misri.

Zaburi 82 hulisema jambo hilo hilo kwa lugha ya baraza. Mungu anasimama katika kusanyiko na kuihukumu miungu. Smith anaisoma vema kama zaburi inayolijua wazo la wana wa Mungu na kulikataa, maana mwisho wake mwimbaji amwomba Mungu airithi mataifa yote. Ila sababu ya hukumu haipewi nafasi inayostahili katika ujenzi wa nadharia yake. Miungu haihukumiwi kwa kuwa ni wengi, wala kwa kuwa mfalme wao ameshindwa vitani. Inahukumiwa kufa kama wanadamu kwa kuwa haikumtetea maskini na yatima. Kiti cha mungu kinachukuliwa kwa kosa la kazi.

Tukifika kwa Isaya wa Pili, karibu na mwaka 539 K.K., baraza limegeuka kuwa mahakama kamili. Katika sura ya 41 miungu inaitwa ilete ushahidi: ni nani kati yao aliyetangaza mambo tangu mwanzo? Smith aliita hii lugha ya kushawishi, nami sina ugomvi na neno hilo, bali kila mshawishi ana kielelezo mkononi, na kielelezo cha nabii huyu ni neno la hukumu lililotangulia kunenwa na likahifadhiwa. Sura ya 42 yauliza ni nani aliyemtoa Yakobo atekwe, na kujibu kwamba ni Yahwe ambaye tulimkosa. Mesha aliweza kusema kwamba Kemoshi alikasirika. Kwa nini alikasirika jiwe halisemi. Yuda ilikuwa na vitabu vilivyosema kwa nini, vilivyoandikwa kabla, na watu waliovichukia vikiandikwa ndio waliovibeba hadi Babeli. Dola ilitoa nafasi ya kuvisoma upya. Haikuviandika.

Mwisho, jambo la tafsiri. Mhubiri wa Kiswahili anayetumia Union Version hukuta BWANA mahali pa Yahwe na Mungu mahali pa Eli na Elohimu, na katika Kumbukumbu 32:8 anakuta wana wa Israeli. Historia yote hii imefichwa nyuma ya maneno matatu ya heshima. Siwalaumu watafsiri, kipande cha Qumran kilikuwa bado hakijajulikana walipofanya kazi yao. Na Wachagga waliosikia Injili katika jina la Ruwa, ambalo pia ni jina la jua, hawatashangaa kwamba jina la kale laweza kubeba neno jipya. Lakini mwalimu wa Agano la Kale aliandike tofauti hilo ubaoni, usomaji wa Kiebrania upande mmoja na wa Qumran upande wa pili, kisha amwombe yule mwanafunzi asiyesema sana aisome Zaburi 82 kwa sauti.